Rehema ya Nani? Mahindi, Mgeni na Sikukuu ya Shukrani katika Kitabu cha Picha cha Keepunumuk

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna dhana ya rehema inavyosawiriwa katika Keepunumuk: Weeâchumun's Thanksgiving Story (2022), kitabu cha picha cha watoto kilichoandikwa na Danielle Greendeer, Anthony Perry na Alexis Bunten, na kuchorwa na Garry Meeches Mkubwa. Kitabu hiki kinasimulia upya asili ya Sikukuu ya Shukrani ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba kitabu kinafanikiwa kuihamisha rehema kutoka kwa shujaa mmoja aliyetumwa na mbingu na kuiweka katika uhusiano wa wajibu kati ya ardhi, mmea na watu. Hata hivyo, uhamisho huo una gharama yake: uamuzi wa kisiasa wa Wawampanoag unafifia nyuma ya sauti ya mahindi. Mjadala unalinganisha kitabu hiki na vitabu viwili vilivyokitangulia, kisha unaonesha masuala ambayo tashihisi yake ingeyaibua endapo kingetafsiriwa kwa Kiswahili.

Utangulizi

Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba ni Sikukuu ya Shukrani nchini Marekani. Hadithi inayofungamanishwa na siku hiyo inajulikana na karibu kila mtoto aliyesoma huko: wasafiri wa meli ya Mayflower walifika mwaka 1620, wakateseka kwa baridi na njaa, wakasaidiwa na wenyeji, na baada ya mavuno wakala nao karamu. Hadithi hii imejengwa juu ya tendo la huruma. Ugumu wake umo katika swali ambalo vitabu vingi vya watoto hulipita haraka: ni nani aliyemhurumia nani, kwa sababu gani, na aliyehurumiwa alilipa nini?

Ushahidi wa kihistoria kuhusu karamu yenyewe ni mchache. Barua ya Edward Winslow, iliyochapishwa London mwaka 1622, inaeleza kwamba baada ya mavuno ya 1621 mtawala Ousamequin, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Massasoit, alifika pamoja na wanaume wapatao 90, wakakaa siku 3, na wageni hao wakaleta kulungu 5. Winslow haiiti shughuli hiyo sikukuu ya shukrani. Jina la "Shukrani ya kwanza" lilibandikwa mwaka 1841 na mhariri Alexander Young katika tanbihi, na mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatangaza siku ya kitaifa ya shukrani baada ya kampeni ndefu ya mhariri Sarah Josepha Hale. Hivyo sikukuu inayodaiwa kukumbuka karne ya 17 ilipata sura yake katika karne ya 19, wakati taifa lilipohitaji hadithi ya upatanisho.

Upande wa pili una kumbukumbu zake. Mwaka 1970 Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alizuiwa kusoma hotuba aliyokuwa ameitayarisha kwa maadhimisho ya miaka 350 tangu Mayflower ifike. Tangu mwaka huo watu wa asili na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo ya Novemba kuadhimisha Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Mwandishi wa kitabu cha watoto anayeingia katika uwanja huu hawezi kutoegemea popote. Kila picha ya karamu anayoiweka mbele ya mtoto ni msimamo kuhusu rehema.

Rehema ya mbinguni na mtu aliyetumwa

Ili kuona kilichobadilishwa na Keepunumuk, ni vyema kuanza na Squanto and the Miracle of Thanksgiving (1999) cha Eric Metaxas, kilichochorwa na Shannon Stirnweis. Kitabu hiki kinafuata maisha ya Tisquantum, ambaye Waingereza walimwita Squanto. Mambo ya msingi ya maisha hayo yanajulikana: alitekwa mwaka 1614 na nahodha Thomas Hunt, akapelekwa Málaga, Hispania, kuuzwa, baadaye akafika London, na aliporudi kwao mwaka 1619 akakuta kijiji chake cha Patuxet kimeteketezwa na ugonjwa. Mwaka uliofuata wageni wa Mayflower walijenga makazi yao mahali hapohapo, wakayaita Plymouth. Tisquantum, aliyekuwa amejifunza Kiingereza ugenini, akawa mkalimani wao na mwalimu wao wa kupanda mahindi.

Metaxas anayasoma matukio haya kama kazi ya majaliwa ya Mungu: kutekwa kulikuwa njia ya kumwandaa mtu atakayewaokoa wengine. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia hapa mwangwi wa kisa cha Nabii Yusuf, ambacho kina makazi ya muda mrefu katika utamaduni wa tendi za pwani. Kijana anauzwa, anapelekwa mbali, anajifunza mambo ya nchi ya ugenini, na mwishowe anawaokoa watu na njaa. Muundo huu una nguvu kubwa ya kihisia, na ndiyo sababu ya mvuto wa kitabu hicho.

Lakini mlinganisho ukifuatwa hadi mwisho, unavunjika. Yusuf anawaokoa baba yake na ndugu zake, na waliomuuza wanasimama mbele yake wakijua walichotenda. Rehema yake ni ya mtu mwenye uwezo wa kuadhibu ambaye anachagua kusamehe. Tisquantum hana ndugu wa kumwokoa, kwani wote wamekufa, na anaowaokoa ni wageni walioweka nyumba zao juu ya mashamba ya marehemu hao. Aliyemuuza haji kuomba msamaha. Ili hadithi ya majaliwa ikamilike, Patuxet lazima kiwe kitupu. Rehema inayomshukia mgeni inadai vifo vya kijiji kizima kama sehemu ya mpango wake, na mtoto anayesoma anafundishwa kushukuru bila kuuliza juu ya vifo hivyo.

Joseph Bruchac, katika Squanto's Journey (2000), kilichochorwa na Greg Shed, alijaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kumpa Tisquantum nafsi ya kwanza. Sauti ya "mimi" inampa mhusika uwezo wa kueleza huzuni na uamuzi wake mwenyewe. Hayo ni mafanikio ya kweli ya kisimulizi. Hata hivyo, mzigo wote wa rehema unabaki mabegani mwa mtu mmoja, na jamii iliyomzunguka inaonekana kupitia macho yake tu. Kutoka chombo cha majaliwa, Tisquantum amepanda cheo na kuwa shujaa mwenye sauti, ila hadithi bado inamhitaji shujaa.

Mahindi kama mtenda rehema

Keepunumuk kinaanzia mahali pengine kabisa. Watoto wawili wa Kiwampanoag wa wakati wetu, Maple na Quill, wako bustanini na bibi yao, N8hkumuhs, naye anawasimulia yaliyotokea wageni walipofika. Katika masimulizi ya bibi, mhusika mkuu ni Weeâchumun, yaani mahindi, akiwa na ndugu zake Maharage na Boga. Mbweha ndiye macho yake: anawaangalia wageni na kupeleka habari. Mahindi ndiyo yanayojiuliza kuhusu hatima ya wageni wasiojua kulima ardhi hiyo, na ndiyo yanayowasukuma wenyeji wawasaidie. Neno keepunumuk lenyewe hurejelea wakati wa mavuno.

Uteuzi huu wa mhusika una matokeo matatu. Kwanza, unaondoa haja ya shujaa. Tisquantum yumo katika hadithi, lakini ni mmoja wa wengi, na elimu anayowapa wageni si mali yake binafsi. Ni elimu ya jamii iliyoishi na mmea huo kwa vizazi vingi.

Pili, rehema inapata sababu ya kidunia. Mahindi ni mmea usioweza kujipanda. Mbegu zake zimefungwa ndani ya maganda, na bila mkono wa mtu wa kuzipukuchua na kuzifukia, mmea hudumaa na kutoweka. Katika mfumo wa kilimo unaoitwa "ndugu watatu", mahindi huyapa maharage mti wa kupanda, maharage huurutubisha udongo kwa naitrojeni, na majani mapana ya boga hufunika ardhi isikauke. Mkulima wa Afrika Mashariki anayechanganya mahindi, kunde au maharage na maboga katika shamba moja anaijua hekima hii bila kufundishwa. Hivyo mahindi yanapowahurumia watu, yanatenda kama yule anayewategemea anaowahurumia. Ugonjwa uliowaua wenyeji kati ya 1616 na 1619 uliyapunguzia mahindi walezi wake pia. Rehema hapa haishuki kutoka juu kwenda chini. Inazunguka.

Tatu, na hili ni zito zaidi, mahindi ni mdhulumiwa. Mwezi Novemba 1620, kabla ya kufika Plymouth, wasafiri wa Mayflower walifukua akiba ya mahindi ya wenyeji mahali walipopaita Corn Hill, huko Cape Cod, wakayachukua. Maandishi yao wenyewe yanakiri hivyo. Msomaji anayekumbuka tukio hilo ataona kwamba sauti inayowatetea wageni katika Keepunumuk ni sauti ya kitu kilichoporwa nao. Hapa ndipo kitabu hiki kinapokaribia zaidi rehema ya Yusuf kuliko kile cha Metaxas: anayehurumia ni yule aliyekosewa, na alikuwa na njia ya kukataa. Mahindi yangenyamaza tu, wageni wangekufa. Kati ya wasafiri wapatao 102, karibu nusu walikuwa wamekwisha kufa kabla ya majira ya kuchipua ya 1621.

Mgeni na jembe

Kiswahili kina msamiati mpana wa kulijadili jambo hili, na msamiati huo unasaidia kuona kile ambacho neno moja la "huruma" lingekificha. Huruma ni hisia ya moyo mbele ya mateso ya mwingine. Rehema huelekea kuwa ya mwenye uwezo, na katika matumizi ya kidini ni sifa ya Mungu. Ukarimu ni desturi ya kumpokea mgeni, na una taratibu zake. Fadhila ni wema unaoacha deni.

Kitabu cha Metaxas kinasimama katika rehema. Hadithi ya kawaida ya shuleni inasimama katika huruma. Keepunumuk kinasimama kati ya ukarimu na fadhila, na methali ya Kiswahili inaeleza vizuri mantiki yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi huelezwa kama kejeli kwa mgeni asiyeondoka. Lakini jembe pia ni heshima: anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni na amekuwa mwenzi katika kazi, mwenye haki ya kula na wajibu wa kulima. Kumfundisha mgeni kupanda mahindi ni kumpa jembe kwa maana hiyo. Anaingizwa katika mkataba na ardhi, na mkataba una masharti.

Historia inaonesha masharti hayo hayakutimizwa. Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya wakoloni na Wawampanoag pamoja na washirika wao, wakiongozwa na Metacom, mwana wa Ousamequin yuleyule wa karamu. Metacom aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikatundikwa Plymouth kwa miaka mingi. Shukrani ya punda ni mateke, wasemavyo Waswahili. Keepunumuk hakiwapeleki watoto hadi kwenye kichwa hicho, na hakuna mhakiki atakayekilaumu kwa hilo. Badala yake, kinaeleza kwamba siku ambayo Wamarekani wengi huiita ya shukrani, wengi wa watu wa bibi huyu huiita ya maombolezo. Maelezo hayo yanatosha kumjulisha mtoto kwamba fadhila ilitendwa na kwamba deni lake bado lipo.

Gharama ya tashihisi

Pamoja na mafanikio hayo, uamuzi wa kuyapa mahindi nafasi ya mshawishi mkuu unaibua swali ambalo haliwezi kuepukwa. Ousamequin hakufanya mapatano na wageni mwezi Machi 1621 kwa moyo mwema tu. Watu wake walikuwa wamepungua mno kwa ugonjwa, ilhali jirani zao wa magharibi, Wanarragansett, hawakuathirika kwa kiwango hicho na walikuwa tishio. Wageni wachache wenye bunduki walikuwa washirika wenye manufaa. Uamuzi ule ulikuwa wa kisiasa: ulipimwa, na bila shaka ulikuwa na wapinzani.

Kiini cha masimulizi kinapohamia shambani, baraza linafifia. Hatari yake ni kurudi kwa mlango wa nyuma kwa taswira ileile ambayo waandishi hawa wanaipinga, yaani taswira ya mwenyeji aliye karibu mno na maumbile kiasi cha kutohitaji siasa. Mtoto asiye Mwampanoag anaweza kuhitimisha kwamba wenyeji walisaidia kwa sababu mimea iliwaambia, wala si kwa sababu walikuwa watu wenye viongozi, maadui, hesabu na mikakati. Rehema isiyo na mbadala wa kukataa hupoteza thamani yake ya kimaadili. Ili msomaji aithamini, hana budi kuona kwamba ingewezekana pia isitolewe.

Kitabu kina kinga dhidi ya usomaji huo, nayo imo katika muundo wa hadithi ndani ya hadithi. Mahindi hayazungumzi moja kwa moja na msomaji. Yanazungumza ndani ya kauli ya bibi, bustanini, mbele ya wajukuu. Wasomaji wa ngano za Kiswahili wanaujua mkataba huu: bibi anaposema Sungura alimwambia Fisi, hakuna mtoto anayeamini kwamba jamii ya bibi haina siasa. Wanyama wanabeba siasa hiyo ili iweze kutafunwa na meno ya maziwa. Maple na Quill ni watoto wa leo, na uwepo wao unakanusha dhana kwamba Wawampanoag ni watu wa karamu ya 1621 pekee. Kinga hii ni ya kweli, lakini inamtegemea mtu mzima anayesoma pamoja na mtoto. Akiwa hana desturi ya ngano za aina hiyo, sehemu kubwa ya kazi yake itapotea.

Mahindi akasema, mahindi yakasema

Suala la mwisho ni la kiisimu. Lugha za familia ya Kialgonkwini, ikiwemo Kiwampanoag, hugawa nomino katika jinsi mbili, ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai, na mgawanyo huo haufuati daima biolojia. Kiingereza cha Keepunumuk hakina nyenzo hiyo, kwa hiyo kinategemea jina mahususi na kiwakilishi cha kike kuonesha kwamba Weeâchumun ni nafsi. Kiswahili kina nyenzo, ila kingemlazimisha mfasiri kuchagua waziwazi. Akiandika "mahindi yakasema", upatanisho wa ngeli ya LI-YA unabakiza mmea kuwa mmea. Akiandika "Mahindi akasema", upatanisho wa A-WA unamtambulisha mhusika kama Sungura na Fisi wanavyotambulishwa. Makala haya yenyewe yametumia "yakasema" pale yanapouzungumzia mmea, na msomaji ataona jinsi upatanisho huo unavyoipunguza nafsi ambayo kitabu kimeijenga.

Kwa upande mmoja lugha inampa mfasiri zawadi: mahindi, maharage na maboga yote ni ya ngeli moja, hivyo udugu wa mimea hiyo mitatu unasikika katika viambishi vyenyewe. Kwa upande mwingine inamtegea mtego. Jina mahindi linaelekeza Uhindi, ingawa mmea huu asili yake ni Amerika, na mmea mmojammoja huitwa muhindi, neno ambalo sikioni halitofautiani na jina la mtu wa India. Watu wa asili wa Amerika nao walibandikwa jina la India kwa kosa la wasafiri wa Ulaya, na Kiswahili kililirithi kosa hilo katika tamko la "Wahindi Wekundu". Mfasiri asiye mwangalifu angejikuta na mmea na watu, wote wakiitwa kwa jina la nchi wasikotoka.

Suluhisho linalofaa zaidi ni kubakiza jina Weeâchumun na kulipatanisha kwa A-WA. Kwa kufanya hivyo tafsiri itaheshimu pia historia ya lugha yenyewe. Kiwampanoag kilipoteza wazungumzaji wake kwa zaidi ya karne moja, kisha kikaanza kufufuliwa katika miaka ya 1990 kwa juhudi zilizoongozwa na Jessie Little Doe Baird, mojawapo ya nyenzo kuu ikiwa Biblia iliyochapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1663 chini ya mmisionari John Eliot. Tarakimu 8 katika jina N8hkumuhs ni herufi ya sauti ya "u" ndefu. Mtoto anayejifunza kulitamka jina hilo anashiriki katika urejeshaji wa kitu kilichochukuliwa.

Hitimisho

Keepunumuk kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa vitabu vya picha vilivyoibadilisha hadithi ya Sikukuu ya Shukrani. Umuhimu wake hauko katika kuwageuza wema kuwa wabaya na wabaya kuwa wema. Uko katika kuuliza rehema ilitoka wapi na kumjibu mtoto kwamba ilitoka kwa waliokuwa na kidogo, waliokuwa wamefiwa, na waliojua kwamba mmea na mtu huishi pamoja au hufa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba waliotoa rehema hiyo hawaonekani vya kutosha wakiijadili. Kwa wahakiki wa fasihi ya watoto ya Kiswahili, ambayo nayo hubebeshwa sikukuu za kitaifa na hadithi za mashujaa wake, kitabu hiki kinatoa kipimo kinachoweza kutumika: kila hadithi inapomwambia mtoto ashukuru, mhakiki aangalie kama imemwambia pia ni nani anayedai, na kama deni hilo limelipwa.